Twin Otter: ndege ya mita mia tatu za mwisho

Kama unataka kufika haraka, panda ndege nyingine. Naanza na hili kwa sababu kila anayejua kazi yangu ya urubani, akishagusia Twin Otter, ndege ndogo ya injini mbili na abiria 19, swali linalofuata ni mwendo, na kwa mwendo ndege hii hupitwa hata na Cessna Caravan yenye injini moja. Noti 150, kama kilomita 280 kwa saa, ndiyo riziki yake ya kawaida. Kati ya Arusha na Zanzibar kuna maili za baharini 230 hivi. Siku tulivu hiyo ni saa moja na nusu. Kusi likikaza mwezi wa saba, likakupiga usoni tangu unapoiacha milima ya Upare, saa moja na nusu inaelekea kuwa mbili, na abiria wa kiti cha mbele anaanza kuangalia saa yake na kisogo chako kwa zamu.

Lakini sijakutana na rubani wa viwanja vya vumbi anayeipima Twin Otter ikiwa angani. Tunaipima kwenye mita mia tatu za mwisho, pale ambapo soksi ya upepo imejaa, punda milia wawili wameamua kuvuka, na changarawe imelowa mvua ya asubuhi. Hapo ndipo bei yake inapojilipa. Kwingine kote, nitasema bila kuzunguka, ni ndege ya kelele, joto na mikono kuchoka.

Nimeirusha zaidi ile ya mfululizo wa 300 na kidogo ile mpya ya 400, kutoka Arusha kwenda Serengeti na kurudi, na mara kwa mara kuteremka pwani. Maoni haya ni yangu pamoja na ya wenzangu tunaobishana nao kwenye chai kabla ya mawingu ya Meru kuinuka. Asubuhi za Juni hadi Agosti mawingu hayo hukaa chini mpaka watu wanamaliza chapati zote.

Historia yake kwa ufupi. De Havilland ya Kanada iliirusha mara ya kwanza Mei 1965. Mfululizo wa 300, wenye injini mbili za PT6A-27 za nguvu za farasi 620 kila moja, ulikuja mwaka 1969. Kiwanda kilipoacha kuziunda mwaka 1988 zilikuwa zimetoka 844. Viking Air ya Kanada hiyohiyo ikanunua haki zake mwaka 2006 na kuanza kuiunda upya ikiitwa mfululizo wa 400. Kwetu si mgeni: East African Airways ilizirusha kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na Air Tanzania iliyozaliwa mwaka huohuo nayo ikawa nazo. Mzee mmoja mstaafu anayekuja kunywa chai nasi alijifunzia ukapteni humo, na mpaka leo akiona Caravan inapita huangalia juu kama mtu aliyesikia mbwa wa jirani.

Sasa twende kwenye kutua, maana ndiko kwenye utamu.

Flapi za Twin Otter, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege ibebwe hata ikienda polepole, zinashika karibu urefu wote wa bawa, na zikishuka, vibawa vya pembeni vya kupindia navyo vinashuka pamoja nazo. Kwa maneno mengine, bawa zima linageuka kuwa flapi. Zikiwa chini kabisa, bawa haliachi kubeba mpaka kwenye noti 58 hivi. Vitabu vya kiwanda vinasema inaweza kutua na kusimama ndani ya mita 320, ukihesabu kuanzia kimo cha mita 15 juu ya ukingo wa kiwanja. Inaruka, mpaka kufikia kimo hichohicho, ndani ya mita 366. Hizo ni namba za usawa wa bahari, siku ya nyuzi 15. Sisi hatuishi huko. Seronera, kiwanja cha katikati ya Serengeti, iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na saa nane mchana Februari joto linagusa nyuzi 30. Piga hesabu ya wembamba wa hewa, utaona ndege inajiona iko futi 8,000. Kwa hiyo geji inakuonyesha noti 75 wakati unakaribia, lakini ardhi inakuona ukija kwa 85. Wageni wanaotoka kurusha viwanja vya pwani hili huwashtua. Wanaona nyasi zinakimbia kuliko walivyozoea, wanavuta usukani mapema, na ndege inakaa chini kwa kishindo.

Ukishagusa, kazi inahamia kwenye rivasi. Unazungusha vishikio vya mikono ya nguvu, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini, kwa kiganja, unavivuta nyuma kupita alama ya mwisho, na rafadha (propela) zinageuza pembe zianze kusukuma mbele badala ya nyuma. Mngurumo wake huwafanya abiria wapya washikane mikono. Ndege inasimama kana kwamba imekanyaga ulimbo. Kwenye changarawe unatakiwa uachie rivasi kabla mwendo haujafa, la sivyo rafadha zinanyonya vumbi lake zenyewe na vijiwe vinakwenda kutafuna ncha. Fundi wetu anajua rubani gani huchelewa kuachia. Huja na tupa lake kulainisha vijino kwenye ncha za rafadha, hasemi kitu, anakuangalia tu.

Kitu ambacho hakuna mwenzangu anayekifanyia mzaha ni kuingiza rafadha kwenye eneo hilo la kupunguza mwendo, tunaloliita beta, ukiwa bado hewani. Mwaka 2001, Machi, Twin Otter iliyokuwa ikienda kutua kisiwa cha Saint-Barthélemy huko Karibi iligeuka ghafla ikaanguka. Walikufa wote 19 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa chini. Wachunguzi waliona kwamba maelezo yenye uzito zaidi ni hayo ya beta hewani. Vishikio vya kuzungusha vimewekwa ili mkono usiteleze kwa bahati mbaya, ila haviwezi kumzuia mtu anayetaka kupoteza mwendo kwa njia ya mkato. Rubani msaidizi mpya akija, nafanya naye hili tukiwa tumesimama, injini zimezimwa, mpaka mkono wake ujue mwisho wa njia uko wapi.

Na mkono huo uko wapi? Juu. Mikono ya nguvu, ya rafadha na ya mafuta yote imening'inia darini, katikati ya marubani wawili, pamoja na ule wa flapi. Wanaume warefu husifu mpangilio huu kwa kuwa magoti yanapata nafasi. Mimi ni mfupi. Kwa miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikishuka na bega la kulia linalowaka, kwa sababu kupaa, kukaribia na kutua vyote unavifanya mkono ukiwa juu ya kichwa. Nilichofanya ni kununua mto mgumu wa kukalia, nikauwekea foronya ya kitenge ili usichanganyike na wa wengine. Usukani wenyewe ni nguzo moja inayotoka sakafuni katikati na kugawanyika kama panda ya manati, kila rubani na gurudumu lake. Ukipanda kwenye kiti inabidi uvuke mambo mengi, na sketi ya sare niliiacha siku za mwanzo kabisa.

Gurudumu la mbele haliongozwi kwa miguu kama ndege ndogo tulizojifunzia. Kuna kijiti pembeni ya usukani wa kapteni, upande wa kushoto tu, na hicho ndicho kinachopinda gurudumu wakati wa kutembea chini. Ukisahau kukirudisha katikati kabla ya kutua, ndege itakukumbusha kwa kuvutia pembeni mara tu pua inaposhuka. Rubani msaidizi hana kijiti hicho. Kwa hiyo akiwa yeye anayetua, kuna dakika ndogo ya makabidhiano njiani, yeye na miguu yake, mimi na kijiti changu. Kama hamjazoeana, mnaandika herufi S kwenye changarawe. Wazoefu wanatumia zaidi tofauti ya nguvu za injini, ya kulia kidogo mbele, ya kushoto kidogo kwenye beta, na ndege inazunguka pale ilipo. Uwezo huo sijauona kwenye ndege nyingine ya ukubwa wake, na kwenye viwanja vyenye kimahali kidogo cha kugeuzia unathamini.

Angani ni nzito. Kupinda kunataka mabega, na miguu haina likizo. Ukishusha flapi, pua inataka kupanda, unaisukuma. Ukizipandisha, ndege inazama na pua inashuka, unaivuta. Ukishazoea, mkono unatangulia wenyewe. Lakini hilo la kuvuta lina kisa kinachonifanya niwape mainjinia muda wao bila kulalamika. Agosti 2007, Twin Otter iliyoruka kutoka Moorea kwenda Tahiti, safari ya dakika chache tu, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kupaa, wakati flapi zinapandishwa. Kebo ya chuma inayoinua pua ilikuwa imeliwa, ikakatika hasa pale rubani alipoihitaji. Watu 20 walikufa. Mzee wetu mstaafu hana maneno mengi juu ya skrini wala viti, ila mtu akimwambia anataka kununua Twin Otter ya zamani, humwuliza kwanza kama amefungua sakafu akazipitishia kebo kitambaa kuona kama kinanasa. Nami nimechukua swali lake.

Tuje kwenye injini mbili, ambako ndiko tunakobishana hasa.

Rafiki yangu wa Caravan, kapteni makini kuliko wengi, anasema injini mbili ni starehe ya kisaikolojia kwa abiria. Hoja yake si ya kupuuzwa. PT6 ni injini ngumu kufa. Yake moja inakula mafuta kidogo sana kuliko zangu mbili, na anaenda haraka zaidi. Tena ananikumbusha kwamba kwenye kimo chetu, mchana wa joto, nikiwa nimejaa abiria 19, injini moja ikifa mara baada ya kupaa, iliyobaki itanipandisha kwa kusuasua tu. Kweli. Rafadha ya injini iliyokufa hujigeuza ubapa yenyewe kama mfumo umewashwa, mguu wako unakanyaga pedali mpaka goti linatetemeka, na sindano ya kupaa inakuonyesha kitu ambacho usingependa abiria wakione. Anayedhani injini ya pili ni ruhusa ya kubeba chochote, popote, hajawahi kufanyiwa zoezi hilo na mwalimu mkali.

Nilipo tofauti naye ni baharini na juu ya msitu. Kuvuka mkondo wa Zanzibar usiku unakaribia, au kupita juu ya nyanda za juu za kreta ya Ngorongoro ambako chini hakuna hata shamba la kutulia, kusuasua ni neema. Injini iliyobaki siihitaji inipandishe, nahitaji isiniangushe. Hapo rafiki yangu hajanijibu, ila pia hajauza Caravan yake.

Injini za PT6A-27 kwenye mfululizo wa 300 zina udhaifu mmoja wa kweli kwetu, nao ni joto. Zinafikia kikomo cha joto la ndani kabla hazijatoa nguvu zote zilizoandikwa, kwa hiyo mchana wa Serengeti jicho langu halitoki kwenye geji hiyo. Mfululizo wa 400 umepewa PT6A-34, ambayo ndani yake ina akiba kubwa zaidi lakini kwenye ndege hii imefungiwa kwenye 620 zilezile. Faida yake ni kwamba inaendelea kukupa hizo 620 juu zaidi na kwenye joto zaidi. Mtu wa Kanada anaweza asione tofauti. Sisi tunaiona kila baada ya chakula cha mchana.

Kabini haishindiliwi hewa, na hili wasafiri wengi hawajui maana yake mpaka masikio yawafundishe. Hewa unayovuta ndani ni ileile ya nje. Sheria inatutaka tuvae oksijeni tukikaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 10,000, kwa hiyo tunaishi chini ya hapo au tunapapita kidogo na kurudi. Kwenda Serengeti nachukua futi 8,500 au 10,500 kufuatana na mawingu yanavyolala kwenye ukingo wa Ngorongoro, ambao wenyewe ni futi 7,500 na ushee. Nafasi iliyobaki kati ya majani ya ukingo na tumbo la wingu ndiyo ofisi yangu. Siku nyingine ofisi imefungwa, basi unazungukia Ziwa Natron au unarudi. Ndege yenye kabini ya kushindiliwa ingepanda futi 20,000 na kuyaona mawingu hayo kama magodoro. Sisi tunatembea katikati yake, na bawa pana lenye mzigo mwepesi linalipokea kila pumzi ya joto inayotoka ardhini. Baada ya saa sita mchana kuanzia Septemba hadi mvua za vuli, mifuko ya kutapikia inafanya kazi yake. Wageni hupenda safari ya asubuhi wakidhani ni ya kuwahi wanyama, na mimi siwasahihishi.

Kushuka pwani kunataka ustaarabu. Ukitoka futi 9,500 kwenda usawa wa bahari ndani ya ndege hii, nashuka kwa futi 500 kwa dakika, si zaidi, hata kama waongoza ndege wa Zanzibar wangenipenda nishuke upesi. Maana yake naanza kushuka karibu dakika ishirini kabla, tukiwa bado mbali na bahari. Mwenye mafua nampa peremende mapema, na mama mwenye mtoto mchanga namwambia amnyonyeshe tukianza kushuka, si tukifika. Kapteni wa zamani alinifundisha niwaulize watu habari za mafua kabla ya kufunga mlango, na sijaona orodha ya kiwandani yenye swali hilo.

Ndani ni basi la abiria 19, kiti kimoja upande mmoja na viwili upande mwingine, ukiinuka unagonga dari. Mfululizo wa 300 tunaorusha hauna kiyoyozi, kwa hiyo dakika za kutembea chini pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, ni sauna yenye mwonekano mzuri. Kelele ni ya kweli. Nawapa abiria vizibo vya masikio na nawasisitiza wavitumie, maana rafadha ziko karibu na mabega ya walio mbele. Mizigo ni kilo 15 kwa mtu, mfuko laini, na kamera imo humohumo. Kila siku kuna mtu anakuja na sanduku gumu la magurudumu akiwa na hakika kwamba kwake tutalegeza. Sehemu ya mizigo iko puani na nyuma kabisa, milango midogo, sanduku gumu halipindi. Na ukirundika kila kitu nyuma kwa sababu ndiko kuna mlango mpana, mkia unakuwa mzito na hesabu ya uzito inakataa. Vijana wa kupakia wa Seronera wanajua kuipanga ndege hii kwa macho kuliko baadhi ya marubani kwa karatasi, ingawa karatasi bado naijaza.

Kuna jambo dogo ambalo sijalisikia likisifiwa na lingenifanya niichague hata kama yasingekuwapo mengine. Matangi ya mafuta yako tumboni chini ya sakafu, na midomo yake iko ubavuni, kushoto, kimo cha kifua. Unaleta pipa, pampu ya mkono na kichujio, unajaza ukiwa umesimama chini. Caravan inataka ngazi mpaka juu ya bawa, kwenye upepo, na bomba begani. Tangi la mbele hulisha injini ya kulia na la nyuma ya kushoto, kwa hiyo hata mpangilio wa mafuta unaingia kwenye hesabu ya uzito, ila hiyo ni kazi ya kalamu.

Magurudumu hayakunjwi. Hilo linakula mwendo, na ndilo linaloifanya iwe ya kwetu. Kiwanja cha Ndutu, Januari, mvua fupi zimekataa kuisha, udongo mweusi unanata kama uji wa mtama. Twin Otter inatoka na tope lake linaning'inia nje, tunalikwangua jioni. Mwenzangu wa Nairobi aliyerusha L-410, ndege ya injini mbili ya Wacheki, kutoka uwanja wa Wilson kwa miaka anaisifu mashine yake, na kwa haki: ina nafasi zaidi, inaenda haraka zaidi, na bawa lake lina vibapa vinavyoinuka vyenyewe upande wa injini nzima kukusaidia ile nyingine ikifa. Nikamwuliza tope linaenda wapi magurudumu yakikunjwa. Alicheka, akaagiza chai nyingine. Mwingine alikuja kwetu kutoka Maldivi, ambako Trans Maldivian wana kundi kubwa la Twin Otter za kutua majini, na kwake sisi tunadeka. Yeye amezoea ndege isiyo na breki, kamba mkononi, miguu mitupu kwenye ngazi, na chumvi inayokula kila kitu ambacho hakikuoshwa kwa maji baridi jioni. Aliposhika breki zetu mara ya kwanza alizikanyaga kama mtu anayeua nge.

Cessna nao wameleta SkyCourier, iliyothibitishwa mwaka 2022, nayo ni injini mbili, abiria 19, kabini isiyoshindiliwa na magurudumu yasiyokunjwa, ila inafika noti 210. Kwa mzigo na viwanja virefu naiona ikitamba. Lakini ina tani tatu zaidi kwa uzito wa juu kabisa, na tani tatu kwenye Ndutu iliyolowa ni mjadala tofauti.

Vijana wanaotoka shule za urubani wanaupenda mfululizo wa 400 kwa sababu ya skrini zake za Honeywell, zenye ramani, milima yenye rangi na kila kitu. Siwalaumu, usiku au kwenye wingu skrini hizo ni baraka. Ila nimeona kijana anatazama ramani nzuri ya kiwanja wakati nyamera wamesimama juu ya kiwanja chenyewe. Ndege nyingi za 300 hazina hata otopailoti, unairusha kwa mkono kutoka Arusha mpaka Arusha, na baada ya mwaka mmoja miguu yako inajua mambo ambayo wenzako wa ndege kubwa wanalipia kujifunza. Mashirika makubwa yanalijua hilo, tunawafundisha, yanawachukua. Kampuni niliyoanzia iliwahi kulalamika kwamba imegeuzwa shule, huku ikilipa mishahara ya shule.

Ukiniuliza kama mnunuzi: kwa njia ya Arusha na pwani peke yake, usiinunue, utalia kwa mafuta na kwa muda. Kwa mzunguko wa viwanja vitano vya Serengeti kwa asubuhi moja, abiria wakishuka na kupanda, changarawe, joto na wanyama, chukua ya 300 iliyotunzwa, yenye vitabu kamili tangu siku ya kwanza. Bawa lina kikomo cha umri kinachohesabiwa kwa saa na kwa miruko, na sisi wa safari fupi tunamaliza miruko haraka. Ya bei nafuu yenye vitabu vilivyopotea kwenye moto wa ajabu fulani iache ilipo. Kama fedha ipo, ya 400, kwa ajili ya zile injini.

Ukiniuliza kama abiria: usikae sambamba na injini, utaona chuma na kusikia chuma. Nenda nyuma ya bawa. Ukitoka Arusha kwenda Seronera, kreta ya Ngorongoro itakuwa kushoto na Ol Doinyo Lengai kulia, na kama mawingu yameniruhusu futi 10,500 nitainamisha bawa kidogo kila upande, maana pande zote mbili zimelipa nauli sawa.